Makaa ya Mawe Hayayeyuki: Uhakiki wa Istilahi za Kugeuza Makaa na Gesi Kuwa Mafuta

Istilahi mbovu haina madhara makubwa madamu imelala kamusini. Madhara yake huanza siku inapoingizwa katika sheria, katika mkataba au katika kitabu cha shule. Maana hapo mtu hutozwa kodi kwa neno, hudai haki yake kwa neno, na mtoto hufaulu au hushindwa mtihani kwa neno. Tangu mwaka 2021, sheria ya Tanzania iliporekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya kutolea haki mahakamani, kutafsiri nyaraka za nishati si tena shughuli ya pembeni. Imekuwa kazi ya watumishi wa umma, na matokeo yake humfikia mwananchi. Kwa sababu hiyo tumeonelea inafaa kulihakiki kundi moja dogo la istilahi, yaani zile zinazotaja kazi ya kutengeneza mafuta ya kuendeshea mitambo kutokana na makaa ya mawe, gesi asilia na vitu vingine vyenye kaboni nyingi.

Msomaji aweza kuuliza: ya nini kujishughulisha na kiwanda ambacho hatunacho? Ni kweli kwamba makaa ya mawe ya Ngaka, Kiwira na Mchuchuma hayageuzwi kuwa petroli. Lakini majina ya kazi hiyo yamekwisha kuingia katika lugha yetu kwa mlango mwingine, mlango wa gesi asilia, na humo yamechanganyika na majina ya kazi iliyo tofauti kabisa. Mchanganyiko huo ndio unaotushughulisha. Hatukusudii kumlaumu mfasiri yeyote. Twajua kwamba waraka humfikia jioni na hudaiwa asubuhi. Tunalolihakiki ni neno, si mtu.

Kazi yenyewe

Haifai kulihukumu jina kabla ya kukijua kinachoitwa. Makaa ya mawe na dizeli vina undugu: vyote viwili vimejengwa kwa kaboni na haidrojeni. Tofauti yao kubwa ni ya kipimo. Katika dizeli kila atomi moja ya kaboni huandamana na atomi za haidrojeni zinazokaribia mbili. Katika makaa ya mawe ya kawaida haifiki hata moja. Kwa hiyo anayetaka kupata mafuta kutokana na makaa hana budi kufanya mojawapo ya mambo mawili: kuyaongezea haidrojeni, au kuibomoa maada yote na kuijenga upya.

Njia ya kwanza ilipatiwa hataza mwaka 1913 na Mjerumani Friedrich Bergius. Makaa husagwa yakawa unga, unga ukachanganywa na mafuta mazito mpaka ukawa kama uji, kisha uji huo ukatiwa haidrojeni kwa halijoto ya digrii za Selsiasi 450 hivi na kwa kanieneo lililo mara mamia ya kanieneo la hewa tuivutayo. Kiwanda kikubwa cha Leuna kilianza kazi hiyo mwaka 1927, kikitumia makaa ya kahawia. Mwaka 1931 Bergius alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Carl Bosch.

Njia ya pili ni ya Franz Fischer na Hans Tropsch, waliofanya utafiti wao Mülheim an der Ruhr na kuitangaza mwaka 1925. Hapa makaa hayabaki makaa hata kidogo. Hutiwa mvuke na oksijeni katika joto kali, yakageuka mchanganyiko wa gesi mbili, kaboni monoksidi na haidrojeni. Gesi hizo husafishwa, kisha hupitishwa juu ya kichocheo cha chuma au kobalti kwa digrii 200 hadi 350, ambapo atomi zake huungana upya katika minyororo mirefu. Minyororo hiyo ndiyo petroli, dizeli na nta.

Katika njia zote mbili kinachoingia sicho kinachotoka. Mwalimu wa kemia angesema kwamba hili ni badiliko la kikemia, si la hali tu. Maneno haya machache ndiyo mizani tutakayotumia kupimia istilahi zote zinazofuata.

Neno moja, mambo matatu

Chanzo cha utata ni lugha tunazotafsiri kutoka kwazo. Kiingereza hutumia neno moja lenye asili ya Kilatini, ambalo maana yake ni kukifanya kitu kiwe cha majimaji. Wajerumani nao, ambao ndio walioizaa kazi hii, huiita Kohleverflüssigung, kwa wazo hilohilo. Neno hilo hutajwa kwa makaa yanayogeuzwa mafuta, kwa gesi inayopozwa, na hata kwa ardhi inayotitia wakati wa tetemeko.

Mambo haya matatu hayafanani. Mchanga uliojaa maji ukitikiswa na tetemeko hupoteza uthabiti wake, majengo yakainama, kama ilivyotokea Niigata, Japani, mwaka 1964. Lakini chembe za mchanga hubaki mchanga. Gesi asilia ikipozwa hadi digrii 162 chini ya sifuri huwa kimiminika, na ujazo wake hupungua mara 600 hivi, nayo husafirishwa kwa meli. Lakini ikirudishiwa joto hurudi kuwa gesi ileile, methani ileile. Makaa yaliyokwisha kuwa dizeli hayarudi tena kuwa makaa, hata dizeli hiyo ikigandishwa kwa baridi.

Mahali panapoonyesha hatari ya kuchanganya mambo haya ni Ras Laffan, nchini Qatar. Katika mji huo mmoja wa viwanda, gesi ya namna moja hufuata njia mbili. Sehemu yake hupozwa ikasafirishwa ikiwa bado ni gesi asilia katika hali ya kimiminika. Sehemu nyingine hupelekwa katika viwanda vya njia ya Fischer na Tropsch, ambavyo kikubwa chake ni Pearl, kilichoanza kutoa bidhaa mwaka 2011, chenye uwezo wa mapipa 140,000 kwa siku ya dizeli, mafuta ya ndege na bidhaa nyingine. Mfasiri anayeandika “kiwanda cha kugeuza gesi kuwa kimiminika” amevitaja viwanda vyote viwili kwa pamoja, na kwa hiyo hakutaja hata kimoja.

Sasa tuje nyumbani. Mradi uliopangwa kujengwa Likong’o, mkoani Lindi, huitwa katika nyaraka nyingi mradi wa kuchakata na kusindika gesi asilia kuwa kimiminika. Ni mradi wa namna ya kwanza, yaani wa kupoza. Lakini mwananchi akiambiwa mara “kimiminika” na mara “mafuta”, kwa kuwa mfasiri amedhani maneno hayo ni mapacha, atakuwa na haki ya kutarajia kituo cha petroli ya bei nafuu jirani na shamba alilolitoa. Hatajua kwamba bidhaa inayokusudiwa haiwezi kumwagwa katika tangi la pikipiki yake. Hapo kosa si la mwananchi, wala si la mhandisi. Ni la istilahi.

Maneno yaliyopo mezani

Katika tafsiri tulizopata kuzipitia tumekutana na vitenzi vinne. Tutavipima kimoja kimoja.

(a) Kuyeyusha. Hiki ndicho kitenzi kinachomjia mtu kwanza, nacho ndicho kibaya kuliko vyote. Tunayeyusha barafu, risasi, nta na samli: kitu kigumu hutiwa moto, kikalainika na kutiririka, na kikipoa hurudia ugumu wake. Makaa ya mawe hayafuati desturi hiyo. Yakipashwa moto pasipo hewa hutoa gesi, lami na mafuta kidogo, na kubakiza koki. Mchoma mkaa anayelijua tanuri lake analielewa jambo hili bila kufundishwa, maana gogo lake halikuyeyuka, bali lilitoa moshi na utomvu likabaki mkaa. Kazi hiyo ya kuyapasha makaa ili kuvuna mafuta machache yanayotoka ni ya zamani. James Young wa Scotland aliipatia hataza mwaka 1850. Jina lake sahihi ni kukeneka, na Kiswahili kinalo neno hilo tangu kale. Basi asemaye “kuyeyusha makaa ya mawe” amekosa mara mbili: ametaja jambo lisilotokea, na ameliacha neno zuri linalofaa kwa jambo jirani.

(b) Kuoevusha. Kitenzi hiki kimeundwa kutokana na kioevu, ambacho majirani zetu wa Kenya hukiandika kiowevu. Kama jina la hali ya maada, kioevu ni neno la heshima. Likifanywa kitenzi, hata hivyo, humrudisha msomaji kwenye wazo la kulowa. Tukisema ardhi oevu tunamaanisha ardhi iliyojaa maji, si ardhi iliyogeuka maji. Makaa yaliyooevushwa, kwa sikio la Mswahili, ni makaa yaliyonyeshewa mvua.

(c) Kumiminisha. Kwa mtazamo wa kwanza kitenzi hiki chaonekana kufuata kimiminika kwa utaratibu. Kwa kweli kimeukiuka. Kumimina ni tendo la mtu mwenye birika mkononi. Tukilitia kauli ya kutendesha tunapata kumfanya mtu amimine, kama vile kulimisha ni kumfanya mtu alime. Kinachotakiwa ni kukifanya kitu kimiminike, na hilo ni kumiminikisha, ambalo jina lake ni umiminikishaji, neno la silabi saba. Urefu si dhambi, na kwa gesi inayopozwa neno hilo lingeweza kutetewa. Kwa makaa halifai, kwa kuwa hutaja hali ya mwisho tu na kuficha kwamba maada yenyewe imebadilika.

(d) Kusindika. Hiki ndicho chenye nguvu kuliko vingine, maana kimekwisha kukaa katika nyaraka za gesi. Asili yake twaijua: kusindika ufuta, kusindika nazi, yaani kukandamiza kitu mpaka kitoe mafuta yaliyomo. Baadaye maana ikapanuka, na leo tunasema usindikaji wa vyakula, wa maziwa na wa matunda, tukimaanisha kukitayarisha kitu kitumike au kihifadhike. Katika maana hiyo pana kusindika gesi kunaeleweka, wala hatuoni faida ya kuing’oa istilahi iliyokwisha kuota mizizi. Lakini ikihamishiwa kwenye makaa, maana ya kale huamka. Msomaji atayafikiri makaa kama ufuta, kwamba mafuta yamo ndani yanangoja kukamuliwa. Hayamo. Petroli haitolewi ndani ya makaa. Hutengenezwa kutokana na makaa. Tofauti kati ya “kutoa ndani ya” na “kutengeneza kutokana na” ni tofauti kati ya kinu cha mafuta na kiwanda cha kemia, na mchumi anayekadiria gharama atapotea vibaya akiikosa.

Kutakuwa na watakaotukumbusha kwamba Waingereza na Wajerumani wametumia neno moja kwa muda mrefu na viwanda vyao havikuanguka. Hoja hiyo tunaiheshimu, lakini haitutoshi. Mhandisi wa Kiingereza analo neno hilo pamoja na rafu nzima ya vitabu vinavyolifafanua, na vifupisho vinavyotenga gesi iliyopozwa na mafuta yaliyosanisiwa. Msomaji wa Kiswahili mara nyingi analo neno peke yake. Neno lisilo na rafu nyuma yake halina budi kujieleza lenyewe.

Mafuta ya bandia

Kosa la pili ni la sifa. Mafuta yanayopatikana kwa njia hizi yameitwa na baadhi ya wafasiri “mafuta ya bandia”. Katika Kiswahili cha leo bandia ni shutuma: noti bandia, cheti bandia, dawa bandia, daktari bandia. Ni kitu kinachojidai kuwa kile ambacho sicho.

Katika biashara ya mafuta shutuma hiyo ina historia yake. Wasomaji wa Tanzania wanakumbuka jinsi dizeli ilivyokuwa ikichanganywa na mafuta ya taa, hata kitenzi kuchakachua kikaenea nchi nzima na kuingia katika mazungumzo ya kila kitu, hata ya uchaguzi. Kuanzia mwaka 2010 mafuta yalianza kutiwa kemikali ya utambulisho iliyopewa jina la vinasaba, neno lililoazimwa kutoka elimu ya viumbe. Katika mazingira hayo, ofisa wa forodha akiletewa hati inayosema shehena ni “dizeli ya bandia” atafanya nini? Akiwa mwaminifu ataizuia. Dizeli hiyo yaweza kuwa bora kuliko ile iliyotoka kisimani, maana dizeli ya njia ya Fischer na Tropsch karibu haina salfa kabisa. Itakuwa imezuiwa na kivumishi.

Neno hilo lina kishawishi kingine, cha kisiasa. Kazi hii ilikua zaidi katika nchi zilizokuwa na makaa lakini zikakosa mafuta, au zikanyimwa. Ujerumani ya Wanazi iliitegemea vitani; mwanzoni mwa mwaka 1944 viwanda vyake 25 vilifikia mapipa yapata 124,000 kwa siku, kabla ya mabomu ya Mei mwaka huo kuanza kuvivunja. Afrika Kusini iliunda shirika la Sasol mwaka 1950, na kiwanda cha Sasolburg kikaanza kutoa mafuta mwaka 1955. Nchi za Kiarabu zilipoinyima mafuta mwaka 1973, na Irani nayo ilipofunga mlango baada ya mapinduzi ya mwaka 1979, serikali ya ubaguzi iliharakisha viwanda vikubwa zaidi vya Secunda. Wapigania uhuru walivielewa vizuri viwanda hivyo. Juni 1, 1980 wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe walivishambulia vya Sasolburg na Secunda, na moto wa matangi ya Sasolburg ulionekana kutoka mbali.

Sisi wa nchi zilizokuwa Mstari wa Mbele tungependa kuyaita mafuta hayo bandia, kama tulivyoviona vibaraka vya serikali ile kuwa bandia. Lakini magari ya deraya ya Makaburu hayakutembea kwa bandia. Yalitembea kwa dizeli ya kweli, na ndiyo maana ilistahili kushambuliwa. Istilahi inayotufurahisha huku ikitudanganya juu ya nguvu za adui haitufai. Kupinga ni kazi ya sentensi nzima. Istilahi kazi yake ni kutaja.

Badala ya bandia tunalo neno lililokwisha kukubalika. Kila mwanafunzi wa biolojia anajua usanisinuru, kazi ya jani kuunganisha maji na hewa ya ukaa kwa nguvu ya mwanga ili kupata chakula. Usanisi, basi, ni kujenga kitu kimoja kwa kuunganisha vitu sahili zaidi, na njia ya Fischer na Tropsch ni usanisi halisi. Mafuta yake yaitwe mafuta sanisi. Faida nyingine ya neno hili ni kwamba haliifungi kazi kwenye malighafi moja. Mwaka 2004 kiwanda cha Sasolburg kiliacha makaa kikaanza kutumia gesi asilia iletwayo kwa bomba kutoka Msumbiji. Anayesema “mafuta ya makaa” angelazimika kubadili jina siku bomba lilipofunguliwa. Anayesema “mafuta sanisi” hakuguswa.

Makosa madogo yenye matokeo makubwa

Njia ya Bergius na ile ya Fischer na Tropsch hutofautishwa katika vitabu vya Ulaya kwa sifa mbili, ambazo hutafsiriwa “ya moja kwa moja” na “isiyo ya moja kwa moja”. Sifa ya pili haielezi kitu, hutuambia njia sivyo ilivyo, na hainyamazi mpaka msomaji ameuliza, “Basi ikoje?” Jibu liko wazi: hupitia gesi. Kwa hiyo kiwanda kilichoanza kazi Ordos, Mongolia ya Ndani, mwishoni mwa mwaka 2008, chenye uwezo wa tani milioni moja hivi za bidhaa kwa mwaka, ni cha ugeuzaji wa moja kwa moja. Na viwanda vya Secunda ni vya ugeuzaji kwa njia ya gesi.

Mchanganyiko wa kaboni monoksidi na haidrojeni nao umeitwa “gesi sanisi”. Hapa kuna mtego. Gesi sanisi kwa maana yake ya dhati ni gesi iliyopatikana kwa usanisi, kama vile methani itengenezwayo kutokana na makaa. Mchanganyiko tunaouzungumzia haukupatikana kwa usanisi. Umepatikana kwa kubomoa, na utatumika kwa usanisi. Lugha nyingine hulazimika kuacha utata huu kama ulivyo. Kiswahili hakilazimiki, maana kina kauli ya kutendea. Kama tusemavyo kisu cha kukatia na maji ya kuogea, na tuseme gesi ya kusanisia. Herufi moja imemaliza kazi.

Vilevile tunatahadharisha juu ya neno “mafuta safi”. Dizeli sanisi ni safi kwa salfa. Mwenye kusimama nyuma ya gari ataona tofauti. Lakini kuigeuza kutoka makaa hutoa hewa ya ukaa kwa wingi mkubwa, na Secunda hutajwa mara nyingi miongoni mwa vyanzo vikubwa vya hewa hiyo duniani vilivyo mahali pamoja. Mtafsiri wa tangazo la biashara aweza kupewa neno safi na mwajiri wake. Mtafsiri wa sera ya serikali aseme safi kwa kitu gani: “yenye salfa kidogo”.

Mwisho, neno mafuta lenyewe. Katika mazungumzo latosha, maana dereva asemaye “nimeishiwa mafuta” hadhaniwi kuwa anataka alizeti. Katika sheria halitoshi. Kutokana na makaa hutengenezwa pia methanoli, ambayo ni jamii ya alkoholi, nayo nchini China huchanganywa na petroli. Sheria inayotaja “mafuta” peke yake yaweza kuachia mlango kimiminika kisicho mafuta. Huko litumike jina pana zaidi, fueli ya kimiminika.

Mapendekezo

Kwa kufuata hoja hizo tunapendekeza yafuatayo:

1. Kazi ya kubadili maada ya makaa ya mawe au gesi asilia iitwe ugeuzaji, na daima itajwe mwanzo na mwisho wake: ugeuzaji wa makaa ya mawe kuwa mafuta, ugeuzaji wa gesi asilia kuwa mafuta.

2. Kazi ya kupoza gesi ibaki kuitwa usindikaji wa gesi asilia kuwa kimiminika, kwa kuwa jina hilo limeenea. Lakini kusindika kusitumike kamwe kwa makaa ya mawe wala kwa gesi inayogeuzwa dizeli.

3. Njia mbili za ugeuzaji wa makaa ziitwe ugeuzaji wa moja kwa moja na ugeuzaji kwa njia ya gesi.

4. Zao la usanisi liitwe mafuta sanisi. Bandia iachiwe mafuta ya udanganyifu.

5. Mchanganyiko wa kaboni monoksidi na haidrojeni uitwe gesi ya kusanisia, na gesi sanisi ibaki kwa gesi iliyosanisiwa.

6. Kupasha makaa ili kuvuna lami na mafuta yanayotoka kuitwe kukeneka.

7. Katika sheria na kanuni itumike fueli ya kimiminika, na maana yake itolewe katika kifungu cha tafsiri.

Hatudai kwamba orodha hii imefunga mjadala. Yumkini walimu wa kemia watakuwa na la kusema juu ya kukeneka, na wanasheria juu ya fueli. Tunayangoja maoni yao. Tunaloliomba kwa sasa ni dogo. Mfasiri anapokutana na neno hili katika waraka wa kesho asubuhi, ajiulize swali moja kabla ya kuandika: je, kilichotoka ni kilekile kilichoingia? Kama ni kilekile, kimebadili hali tu, na hali itajwe. Kama sicho, kimegeuzwa, na msomaji ana haki ya kuambiwa hivyo kwa lugha yake.